Kidonda cha tumbo kilichotoboka: matundu madogo au kufungua tumbo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 34, anaendesha bodaboda hapa Morogoro. Kwa miezi mingi alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Jumapili usiku alishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo. Tulimfikisha hospitali Jumanne asubuhi, presha imeshuka. Wakasema kidonda kimetoboka, wakampasua kwa mshono mrefu. Sasa ndugu wanalalamika kwamba angepelekwa Dar es Salaam angefanyiwa kwa matundu madogo. Je, tumemkosea?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kukubali apasuliwe hapo hapo hamkumkosea. Hatari ingekuwa kumpakia kwenye gari kufuata upasuaji wa kamera, yaani huo wa matundu madogo, akiwa katika hali ile.

Kidonda kikitoboka, tindikali, nyongo na chakula humwagika tumboni. Saa za mwanzo ni kuungua. Baadaye bakteria huzaliana, usaha hutunga, na sumu huingia kwenye damu. Watafiti wa Denmark waliofuatilia wagonjwa 2,668 waliona kwamba kila saa inayopotea kati ya kufika hospitali na kupasuliwa hupunguza uwezekano wa kubaki hai kwa asilimia 2.4 hivi. Nanyi mlikuwa mmeshapoteza zaidi ya saa 24 nyumbani.

Kazi ya ndani ni ileile kwa njia zote mbili. Daktari hutafuta tundu, ambalo mara nyingi huwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hulishona au hulizibia kiraka cha ule utando wa mafuta unaofunika utumbo, kisha huosha tumbo lote kwa maji ya chumvi, lita kwa lita. Huko kuosha ndugu hawakuoni, lakini mimi nakuthamini sawa na kushona.

Kinachobadilika ni njia ya kuingilia. Kwa matundu madogo, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kamera ipate nafasi ya kuona. Hewa hiyo hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, tena husukuma kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, juu hadi mapafu yakabanwa. Mwenye presha nzuri huvumilia. Aliyefika kama mdogo wako anaweza kuzidiwa pale pale mezani, akiwa kwenye nusukaputi.

Mgonjwa akiwahi, presha iko sawa, na daktari amezoea kushona kwa kamera, mimi ningemchagulia matundu madogo bila kusita. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2009, wenye wagonjwa 101, kamera ilichukua dakika 75 na kufungua tumbo dakika 50, ila waliofanyiwa kwa kamera walisikia maumivu machache kuliko wenzao na walihitaji dawa chache za maumivu. Madhara mengine hayakutofautiana sana. Mshono mrefu una shida zake: kidonda kuchimbika, na baadaye ngiri kutokeza kwenye kovu. Kwa hiyo asibebe mizigo mizito wala kurudi kwenye pikipiki mpaka daktari aliyempasua amruhusu.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni dawa atakazoruka. Tundu limezibwa, lakini kilicholisababisha huenda bado kipo. Diklofenaki na ndugu zake, aspirini na ibuprofeni, aziache kabisa. Mgongo utafutiwe tiba nyingine. Apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, Helikobakta pailori, na akikutwa nao amalize dozi yote ya antibayotiki pamoja na omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, hata kama maumivu yameisha. Apimwe tena angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki, naye awe ameacha omeprazoli kwa wiki mbili kwa maelekezo ya daktari, maana dawa hiyo inaweza kuficha bakteria wasionekane.

Tena ulizeni tundu lilikuwa wapi hasa. Kama lilikuwa kwenye mfuko wa chakula wenyewe, si kwenye utumbo, ulizeni kama kipande cha nyama kilichukuliwa kupimwa saratani. Kama hakikuchukuliwa, apangiwe kipimo cha kamera ya mdomoni baada ya wiki sita hadi nane.