Kabla ya Kuchagua Rangi ya Lebo: Kwa Wanaoanza Kusanifu Vifungashio

Lebo ya kwanza niliyolipwa kuisanifu hapa Mtwara ilikuwa ya korosho za kikundi cha kina mama wa Newala. Niliposikia neno "kina mama" sikuuliza jambo jingine: nikaweka rangi ya waridi, maua pembezoni, mwandiko wa kupindapinda, na mchoro wa mwanamke mwenye kanga akitabasamu, ungo wa korosho mikononi. Mwenyekiti wao aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi korosho tunamuuzia nani?"

Wateja wao wakubwa walikuwa abiria wa mabasi ya Dar es Salaam, wanaume kwa wanawake. Lebo yangu haikuwaambia lolote kuhusu korosho. Iliwaambia jinsia ya aliyezibangua, na hata hilo ililisema vibaya, kwa maana sijaona mtu anayetabasamu wakati mafuta ya ganda yanamchoma vidole. Isitoshe, yale maua yalikuwa yamekula nafasi ya uzito halisi, tarehe ya mwisho wa kutumika na anwani ya mzalishaji, mambo ambayo TBS, shirika la viwango la Tanzania, huyadai na mnunuzi huyatafuta.

Tangu siku hiyo, kabla sijafungua kompyuta, huuliza nani anaitengeneza bidhaa, nani anainunua na nani anaitumia. Mara nyingi hao ni watu watatu tofauti, na msanifu mgeni huwachanganya wote katika picha moja ya mama au ya baba.

Rangi nazo hazina jinsia ya kuzaliwa. Sigara za Marlboro zilinadiwa Marekani katika miaka ya 1920 kuwa za wanawake. Katikati ya miaka ya 1950 zikapewa kichujio, pakiti nyekundu na nyeupe na matangazo ya wachunga ng'ombe, na watu wakaziona za kiume kana kwamba hazijawahi kuwa vinginevyo. Kampuni ya BIC ilipouza kalamu "za wanawake", mwaka 2012 wanunuzi walilijaza duka la mtandaoni la Amazon maoni ya kejeli, wakiuliza wanawake walikuwa wakiandikia nini kabla ya hapo.

Tahadhari zaidi mteja anapotaka toleo la kike kwa bei ya juu. Mwaka 2015 idara ya walaji ya Jiji la New York ililinganisha bidhaa karibu 800 na kukuta za wanawake zina bei kubwa kwa wastani wa asilimia 7, na zile za usafi na urembo asilimia 13. Mteja mmoja wa Lindi aliniletea sabuni ya mwani, ya sufuria moja, akitaka lebo mbili na bei mbili. Nilimuuliza tofauti iko wapi. Akaenda kwa msanifu mwingine. Hasara hiyo niliikubali, ingawa mwezi ule kodi ya pango ilinitoa jasho.

Zipo bidhaa zenye jinsia kweli, kama taulo za kike, na hizo hazina ubishi. Kinachonisumbua zaidi ni lebo za viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu na magonjwa ya mimea. Katika mashamba yetu ya mikorosho wanawake nao wana miti yao, hupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga, na mara nyingi ndio wanaofua nguo zilizojaa vumbi hilo. Ukimchora mwanaume peke yake mwenye barakoa na glavu, nadhani unamwambia mwanamke kwamba onyo halimhusu. Hapo mchoro wa mazoea si suala la ladha tena, bali ni la mapafu na ngozi ya mtu.

Usikimbilie, hata hivyo, kufuta kila alama ya wanawake. Kina mama wa Newala walitaka waonekane, ila wakiwa kazini. Tulichora mikono miwili iliyopakwa majivu ya kuikinga na mafuta ya ganda, ikibangua korosho, tukaacha kidirisha ili mnunuzi azione zenyewe, na jina la kikundi likawekwa chini ya jina la Newala. Mwenyekiti alirekebisha jambo moja tu: tarakimu za uzito ziwe kubwa kuliko nilivyoziandika, kwa kuwa abiria hununua kupitia dirisha la basi, na basi halisubiri.