Safu ya Lugha: Mwenyekiti "Ametawala" au "Ameongoza"?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katika taarifa ya mwaka niliandika kwamba mwenyekiti wetu "amekitawala kikundi kwa miaka 3 kwa ufanisi mkubwa". Nilikusudia kumsifu, lakini alipoisoma alikunja uso, akaomba neno hilo lifutwe, na wajumbe wawili wakamuunga mkono. Nilidhani "tawala" na "ongoza" ni visawe. Kosa langu ni lipi, na visawe vya neno hili ni vipi hasa?

JIBU: Ndugu katibu, kisarufi sentensi yako haina kasoro, ila mwenyekiti wako alikuwa na haki ya kukunja uso. Kitenzi "tawala" humweka mtu juu ya wengine kwa nguvu ya mamlaka, na walio chini yake si lazima waulizwe kama wameridhia. Anayetawala ana watawaliwa. Mwenyekiti aliyechaguliwa kwa kura, ambaye waliomchagua wanaweza kumwondoa katika mkutano mkuu, ana wanachama wenzake. Kwa neno moja uliwageuza wenzake hao kuwa raia wa himaya yake, na naamini hicho ndicho alichokisikia.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, katika kitenzi chenye maana ya kushika jambo na kulibebea dhamana. Ukoo wake umeenea katika Kiswahili: yumo liwali, aliyeushika mji kwa niaba ya sultani, yumo walii, anayesimama kumwoza binti, imo wilaya, ambayo ni eneo lililo chini ya mamlaka ya mtu, na yumo Mola. Kiswahili kimelipokea neno hili kikamilifu hata likasahaulika kuwa lilikuja kutoka nje. Linaishia na irabu "a", nalo linanyambulika kama "pika" na "soma": hatawali, atawale, walitawaliwa, nchi haitawaliki. Wenziwe waliotoka Kiarabu, yaani "hukumu", "miliki" na "amuru", hawakubali mabadiliko hayo ya irabu ya mwisho. Tunasema "hakimu asihukumu kwa chuki", wala hatusemi "asihukume". Ndiyo maana msemo "wagawe uwatawale" unateleza ulimini kana kwamba kila neno ndani yake ni la Kibantu.

Sasa tuje kwenye visawe, nami nakusihi usivichukue kama nguo za saizi moja. "Ongoza" ni ndugu wa "ongoka" na "ongoa", na ndani yake mna njia: kiongozi yuko mbele, wengine wanamfuata, na lengo ni kufika pamoja mahali palipo sahihi. "Simamia" limetokana na "simama". Msimamizi amesimama karibu na kazi ya wengine ili ifanyike ipasavyo, na akiondoka kazi bado ni yao. "Endesha" linafaa shirika, mradi au mkutano, lakini ukisema fulani "anawaendesha" wenzake, umemshutumu. "Miliki" ni kuwa na kitu kama mali, na zamani wafalme waliimiliki nchi pamoja na watu wake, jambo linaloonekana hata leo katika maneno "malkia" na "mamlaka", yenye mzizi mmoja na "miliki". "Amuru" na "amrisha" ni tendo la mara moja la kutoa amri, na mtu anaweza kuamuru leo bila kutawala hata siku moja. "Tiisha" ni kali kupita yote, kwa sababu linakiri kwamba kulikuwa na ukaidi uliovunjwa.

Kwa hiyo kisawe cha karibu zaidi na "tawala" ni "miliki" kwa maana yake ya kale, na baada yake "shika dola". "Ongoza" ni jirani tu, ingawa kamusi huyaweka pamoja ili kumsaidia msomaji aanzie mahali.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi, nami nashuku ndilo lililokuponza. Nomino "utawala" imelainika kuliko kitenzi chake. Tunasema bila wasiwasi "idara ya utawala", "jengo la utawala", "afisa utawala", na hakuna anayefikiri juu ya kiti cha enzi. Tunafikiri juu ya majalada, likizo za watumishi, mihuri na ratiba za vikao. Lakini jaribu kurudi kwenye kitenzi, useme kwamba afisa huyo "anaitawala idara", na mara moja picha inabadilika: unamwona mtu ambaye wenzake wanasubiri mlango wake ufunguke ndipo wathubutu kupumua. Nomino imeingia ofisini ikazoea shughuli za kila siku, ilhali kitenzi kimebaki ikulu. Mwandishi wa taarifa asiyeihisi tofauti hiyo atawaudhi watu bila kujua, na sipendi kuona jambo hilo likimpata katibu mwenye nia njema kama wewe.

Kitenzi hiki kina pia matumizi ya sitiari ambayo hayana ubaya wowote: timu ilitawala mchezo kipindi cha pili, ukimya ulitawala ukumbini, suala la mikopo lilitawala mjadala. Hapo "tamalaki" linaweza kushika nafasi yake, hasa katika maandishi ya fasihi, kama katika "giza lilitamalaki". Na ukiongeza kiambishi "ji", ukapata "kujitawala", ukali wote unageuka kuwa heshima, kwa kuwa mtawala na mtawaliwa ni mmoja. Ndiyo maana Kenya huiadhimisha tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Madaraka, kwa kukumbuka siku ilipopata serikali ya kujitawala mwaka 1963, miezi sita kabla ya uhuru kamili wa tarehe 12 Desemba.

Katika taarifa yako andika "amekiongoza kikundi". Kama unataka kusifu uangalifu wake katika hesabu, andika "amesimamia vyema fedha za kikundi", maana sifa hiyo ni mahususi zaidi.

SWALI: Kwa nini Tanzania wanasema "Tawala za Mikoa" badala ya "Utawala wa Mikoa"? Na "chama tawala" mbona hakina kiambishi?

JIBU: "Tawala" ya kwanza ni wingi wa "utawala", kama "kuta" ulivyo wingi wa "ukuta" na "funguo" wa "ufunguo", kila mkoa una utawala wake, na zikiwa nyingi huwa tawala, kwa upatanisho wa "za". Ya pili ni shina tupu la kitenzi linalofanya kazi ya kivumishi, nalo halibadiliki hata nomino ikiwa katika wingi: chama tawala, vyama tawala, tabaka tawala, Katibu Tawala, Makatibu Tawala. Ukitaka kuweka kiambishi, tumia kitenzi kamili: chama kinachotawala.