Kampeni, msafara au safari ya Burma?

SWALI: Tunaandaa maonyesho ya historia hapa Jinja. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, akapigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili vya Dunia. Chini ya nishani yake tuliandika "Kampeni ya Burma, 1944". Mzee mmoja akasoma, akauliza: "Aligombea kiti gani?" Kwa Luganda tungesema olutabaalo. Kwa Kiswahili je?

JIBU: Mzee hakukosea kuuliza. Wanahistoria hutumia kampeni kwa mfululizo wa mapigano, ila kwa watu wetu neno hilo ni mabango, vipaza sauti na kura.

Msafara nao haufai. Msafara ni watu wanaokwenda pamoja. Ndiyo maana tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Ukipita barabarani utauona. Vita vya miezi mingi si msafara.

Olutabaalo limebeba mawili kwa pamoja: kwenda na kupigana. Kiswahili huyatenganisha, na askari wenyewe walishatuachia neno la lile la kwanza. Katika wimbo wao wa kutembea waliimba "tufunge safari", kwa "amri ya Keya". Safari hiyo si ya watalii. Ni kufunga mzigo kwa amri ya mtu mwingine, bila kujua utarudi lini. (Keya ni herufi K.A.R. za King's African Rifles zilivyotamkwa na askari. Iandikeni hivyo hivyo, msiione haya.)

La pili ni vita tu: vita vya Burma. Batalioni za Uganda, ya 4, ya 34 na ya 44, zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha faru. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka Bonde la Kabaw katika mvua kubwa, kwenye matope na malaria, ikawasukuma Wajapani nyuma, na Desemba ikauvuka mto Chindwin. Inaniuma kwamba tukisimulia historia ya Uganda, vijana hao tunawapa mstari mmoja, na mara nyingi hata huo hatuwapi.

Mimi ningeandika: "Alifunga safari na Keya, akapigana vita vya Burma, 1944." Hapo mtendaji ni babu yako, ilhali "Kampeni ya Burma" haina mtu ndani yake. Tangulizeni jina lake kamili na kijiji alichotoka. Namba yake ya jeshi, kama bado mnayo, iwekeni pia.