Ishara imesikika, rada haioni: chombo kiko wapi?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nimesoma kuhusu Cosmos 1, chombo cha anga cha tanga la jua, yaani cha kusukumwa na mwanga wa jua, kilichorushwa mwaka 2005. Vituo vya ardhini vilidhani vimekisikia, lakini rada za Marekani hazikukiona. Inakuwaje wataalamu wenye mitambo yao washindwe kujua kama chombo kipo juu au kimeanguka?

JIBU: Marahaba. Hutokea, hasa saa za mwanzo. Roketi ikishazama nyuma ya upeo wa kituo kimoja, hakuna anayeiona mpaka ifike kwenye kituo kingine. Cosmos 1 ilifyatuliwa tarehe 21 Juni kutoka nyambizi ya Kirusi katika Bahari ya Barents, na njiani ilitegemea vituo vichache, kimojawapo Majuro, Visiwa vya Marshall.

Sasa mfikirie fundi aliye zamu. Anaijua dakika ambayo ishara inatakiwa ije. Kwenye skrini kelele za redio zinapanda na kushuka bila kukoma, mara kichuguu kidogo kinainuka palepale alipokuwa anapakodolea macho. Nimekaa kwenye kiti hicho. Hamu ya kukisikia chombo ni kubwa mno.

Kwa hiyo mimi huangalia kama masafa ya ishara, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yanateleza. Chombo kilicho kwenye obiti ya chini, yaani kinachoizunguka Dunia kwa karibu, hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kikija, masafa yake husikika yamepanda. Kikiondoka, yameshuka, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Kwa redio ya megahezi 437, tofauti hufika takriban kilohezi 10 kila upande. Nikiona mstari umepinda hivyo kwa dakika kadhaa, hiyo si kelele. Hata hapo nasubiri kama saa moja na nusu, muda wa kuizunguka Dunia mara moja, nione kama kitarudi.

Kimya nacho kisikutishe haraka. Explorer 1, satelaiti ya kwanza ya Marekani, iliporushwa usiku wa tarehe 31 Januari 1958, waliokuwa wakiisubiri California waliona muda wake umepita na hakuna kitu. Ilichelewa kama dakika 8, kwa sababu ilipanda juu kuliko ilivyokadiriwa, hivyo mzunguko wake ukawa mrefu.

Cosmos 1 haikupata bahati hiyo. Takwimu za roketi yenyewe zilionyesha kuwa injini ya hatua ya kwanza, sehemu ya chini inayowaka mwanzo, ilizimika sekunde 83 tu baada ya kufyatuliwa. Kwa mwendo huo chombo kisingeweza kufika juu ya Majuro, hata kama kilichosikika kule kilifanana nacho kiasi gani.