Ukoo wa Washington ulijulikanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Morogoro. Mwanafunzi alisoma kwamba ukoo wa George Washington ulitoka kijiji cha Sulgrave, Uingereza, kwa mtu wa enzi za Mfalme Henry wa Nane. Akaniuliza nani alivihesabu vizazi hivyo, na tuamini vipi. Sikuwa na jibu.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msalimie sana huyo mwanafunzi, kwani ameuliza jambo lililowasumbua wataalamu karibu miaka 100.

Huyo wa Sulgrave ni Lawrence Washington, mfanyabiashara wa sufu aliyewahi kuwa meya wa Northampton. Mwaka 1539 alinunua ardhi ya Sulgrave iliyokuwa mali ya watawa kabla mfalme hajawanyang'anya. Akajenga nyumba, na nembo ya ukoo, mistari miwili na nyota tatu, ikachongwa mlangoni. Hapo muuza sufu akahesabiwa muungwana. Kwa Waingereza wa wakati ule, muungwana ni mwenye kula kodi ya ardhi yake bila kushika jembe.

Ugumu uliletwa na majina. Ukoo huu ulirudiarudia Lawrence na John, kama mjukuu kwetu anavyopewa jina la babu. Mwishoni mwa 1791 Isaac Heard, mkuu wa maofisa wa nembo London, alimwandikia Rais Washington kuulizia nasaba yake. Rais alijibu Mei 1792. Alikiri kwamba hakuwahi kuitilia maanani sana habari hiyo, ila alijua kwamba John, babu wa baba yake, alihamia Virginia yapata 1657 pamoja na nduguye Lawrence. Heard akawakuta ndugu wawili, John na Lawrence, katika ukoo wa Sulgrave, akafunga hesabu.

Hesabu ilikuwa na kosa. Mwaka 1866 Joseph Chester, Mmarekani aliyeishi London, alionyesha kwamba yule John wa Heard alikuwa na cheo cha Sir na makazi yake yalikuwa Thrapston. Wa Virginia hakuwahi kuitwa Sir.

Nampenda sana Henry Waters, Mmarekani mwingine, kwa sababu hakung'ang'ania nembo. Alipekua wosia za watu wa kawaida. Akakuta ya Andrew Knowling wa mji wa Tring, aliyemwachia mali mtoto wake wa ubatizo, Lawrence Washington. Daftari la parokia ya Tring lina ubatizo wa Lawrence huyo, 1635. (Makasisi waliamriwa kutunza madaftari hayo tangu 1538; bila amri hiyo tungekuwa gizani.) Mama yake, Amphillis, alifariki mwaka 1655, na mwanzoni mwa 1656 usimamizi wa mirathi akapewa mwanawe John. Muda si mrefu John yuko Virginia.

Mume wa Amphillis alikuwa Kasisi Lawrence wa Purleigh, aliyefukuzwa parokiani mwaka 1643 wakati wa vita vya mfalme na bunge. Sir John alikuwa kaka yake. Kwa hiyo Heard aliwachukua baba na baba mkubwa, akawaweka mahali pa watoto! Waters alichapisha ugunduzi wake mwaka 1889.

Ukizifuata karatasi hizo, angalia tarehe. Kasisi huyo aliandikwa amezikwa Maldon Januari 1652, lakini kwa hesabu yetu ni 1653. Waingereza walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, na hawakuacha desturi hiyo mpaka 1752.

Ubaoni waandikie hivi: Lawrence wa Sulgrave, Robert, Lawrence, Kasisi Lawrence, John wa Virginia, Lawrence, Augustine, George. Kisha pigia mstari kati ya kasisi na John. Hapo ndipo wosia wa mzee wa Tring ulipoziba pengo.