Muulize Mama Fundi: Bolti za mnara zinazovutwa kwa jeki

Mwezi huu barua zilizonigusa zaidi zimetoka kwa watu wa mitambo ya upepo. Kazi hiyo inakua kwetu. Kule Loiyangalani pekee, Marsabit, imesimama mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na kila mnara wa chuma wa aina hiyo hufika ukiwa vipande vipande, ukaungwa kwa bolti flanji kwa flanji, yaani zile pete nene za chuma kwenye ncha za vipande. Watu huyatazama mapanga yanayozunguka huko juu. Mimi huzifikiria zile bolti zilizojipanga duara ndani ya mnara, na vijana wanaozikaza.

*Shikamoo Mama Fundi. Nimetoka gereji ya malori, sasa nimeajiriwa kwenye mradi wa minara ya upepo hapa Kajiado. Gereji tulikaza kila kitu kwa spana ya toki na mambo yakaenda. Hapa naona bolti inavishwa jeki, pampu inapigwa, halafu nati inazungushwa kwa kijiti kidogo, kwa mkono! Sisikii ugumu wowote. Kweli nati hiyo imekaza? — Kijana wa Kajiado*

Marahaba, mwanangu. Imekaza, na huenda imekaza kuliko nati yoyote uliyowahi kuitolea jasho gereji.

Kinachobana flanji mbili ni bolti yenyewe. Ikivutwa hurefuka kidogo, kisha hutaka kurudi urefu wake wa mwanzo, kama mpira wa manati. Nati ni kizuizi tu, inaikatalia bolti isirudi. Ukitumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kuzungusha, unalazimisha nati ipande kwenye hesi, yaani ile mizunguko iliyochongwa kwenye bolti, ndipo bolti ivutike. Jeki haina mzunguko huo. Inashika hesi zilizochomoza juu ya nati, mafuta yanasukuma pistoni, na bolti inavutwa wima. Wakati huo nati haina mzigo, ndiyo maana kijiti kinatosha kuiteremsha mpaka ikae barabara juu ya washa, kile kisahani cha chuma chini ya nati. Presha ikishushwa, mzigo wote unaiangukia nati. Jaribu kuizungusha kwa kijiti kile baada ya hapo uone.

Sasa nikupe hesabu, maana fundi asiye na namba hubishana na upepo. Chukua bolti ya M36, yaani ya kipenyo cha milimita 36, ya daraja 10.9, yaani ya chuma chenye nguvu ya juu. Kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma, EN 1090-2, hutaka bolti za kukazwa hivi zibaki na mvuto wa asilimia 70 ya nguvu ya kukatika. Kwa M36 hiyo ni kilonyutoni 572, yaani karibu tani 58 kwenye bolti moja. Ikiwa kati ya kichwa na nati pana milimita 180, bolti itarefuka kiasi cha nusu milimita hivi. Nusu milimita hiyo ndiyo inayoshikilia mnara.

Ukitaka kuipata kwa spana, lazima upite kwenye msuguano. Katika nguvu yote unayoweka kwenye mpini, karibu nusu huliwa chini ya nati, asilimia 40 hivi huliwa kwenye hesi, na kama asilimia 10 tu ndiyo huivuta bolti. Kwa hiyo msuguano ukibadilika kidogo, ile asilimia 10 hubadilika sana. Tuseme nati ina grisi nzuri ya kiwandani, na kizidishio cha msuguano ni 0.14. Toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 2,880 itakupa kilonyutoni zako 572. Bolti ya pili ilikaa nje juani, grisi ikajaa vumbi, kizidishio kikapanda mpaka 0.20. Spana ileile, mlio uleule wa "klik", lakini humo ndani mna kilonyutoni 400 tu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Fundi anatia alama ya rangi zote mbili, anashuka ngazi.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali, na wanaonijua wanajua kwamba sitabadilika: mvuto mdogo ndio unaoua bolti. Watu huogopa kukaza kupita kiasi, lakini kwenye mnara unaoyumba mchana na usiku, hatari kubwa ni bolti iliyopungukiwa. Flanji zikiwa zimebanwa sawasawa, upepo ukija sehemu kubwa ya mzigo hupita kwenye flanji zenyewe na bolti husikia kiasi kidogo tu cha mabadiliko. Mvuto ukipungua, flanji huanza kuachana kidogo upande mmoja, na bolti sasa inakula kila pigo la upepo, mara elfu kwa elfu, mpaka chuma kinachoka. Bandarini nilikofanya kazi kabla ya kuja kwenye upepo, tuliwahi kufungua kreni iliyokatikiwa bolti za ile pete kubwa inayoizungusha. Mahali zilipokatika palikuwa laini na pana mistari myembamba iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, na kipande kidogo tu upande wa mwisho kilikuwa na mikwaruzo ya kukatika ghafla. Maana yake ufa ulitembea polepole kwa muda mrefu. Zilizo jirani, ambazo hazijakatika, tulizifungua kwa urahisi wa kusikitisha.

Spana ya toki naiheshimu. Kwa bolti ndogo na za kati, zikiwa na grisi sahihi na spana iliyopimwa, inafanya kazi vizuri. Nisichovumilia ni bomba linalochomekwa kwenye mpini wa spana ili kuongeza nguvu. Ukiliona mradini, liondoe.

*Mama Fundi, tulifungua flanji kurekebisha kosa la mpangilio. Bolti zinaonekana mpya kabisa. Bosi anasema tuzirudishe. — Msomaji, Iringa*

Zikishakazwa kwa mvuto kamili kisha zikafunguliwa, bolti za miundo za 10.9 zilizopakwa zinki hazirudishwi kwenye kazi hiyohiyo. Grisi ya nati imeshasagika, hesi zimeshachukua mzigo, na hakuna atakayejua mkazo wa pili utatoa nini. Mwonyeshe bosi maelekezo ya mtengenezaji, yaliyoandikwa, usimpe maneno yangu. Bei ya seti moja ya bolti hailingani hata na siku moja ya kukodi kreni.

*Habari za kazi, Mama Fundi. Mimi ni msimamizi. Tunavuta bolti za M36, unene wa kubana milimita 180. Geji inasoma presha tuliyopewa, lakini mkaguzi alipopima urefu wa bolti kwa mawimbi ya sauti baada ya kushusha presha, alikuta mvuto umepungua sana. Je, pampu ni mbovu? Na tukiongeza presha kidogo kufidia, kuna ubaya? — Msimamizi, kandokando ya Ngong*

Salama, ndugu yangu. Swali lako la pili ndilo lililonifanya niijibu barua hii kwa kirefu.

Pampu yako huenda ni nzima. Jeki inapoachia, mzigo unahama kutoka kwenye jeki kwenda kwenye nati. Hesi za nati zinajinyonga kidogo, nati inazama kidogo kwenye washa, rangi na vipele vya nyuso vinasagika. Kila kimoja kinakula sehemu ya ile nusu milimita. Bolti ndefu ina urefu mwingi wa kuvutika, hivyo upotevu uleule ni sehemu ndogo kwake. Bolti fupi inaumia.

Wapo watengenezaji wa jeki hizi wanaotoa hesabu ya haraka: chukua 1.01, jumlisha kipenyo cha bolti kilichogawanywa kwa unene wa kubana, ule ulio kati ya kichwa na nati. Kwako ni 36 kwa 180, yaani 0.20, na jumla 1.21, ndicho kizidishio cha mvuto unaoutaka. Kwa hiyo ili ubaki na kilonyutoni 572, jeki ingebidi ivute 692. Sasa simama hapo. Mvuto ambao M36 ya 10.9 inahakikishiwa kuubeba bila kubaki imerefuka ni kilonyutoni 678. Umeshaupita! Ndiyo jibu la "tukiongeza kidogo": kwenye bolti fupi kama hizo, kidogo hicho kinaweza kuiharibu bolti huku geji ikikupa moyo. Kama unene wa kubana ungekuwa milimita 300, kizidishio kingekuwa 1.13, jeki ingevuta kama 646, nawe ungekuwa ndani ya mpaka.

Usiongeze presha kwa uamuzi wako, basi. Mrudishie mhandisi wa usanifu namba hizi na kipimo cha mkaguzi. Yeye ndiye atakayesema kama njia ibadilishwe, au kiungo kinahitaji bolti ndefu zaidi.

Lakini kabla ya kumpigia, chunguza mambo ambayo nimeyaona yakiiba mvuto kuliko hesabu yoyote. La kwanza ni nati isiyoteremshwa mpaka mwisho. Kijana amechoka, amekaa amejikunja ndani ya mnara wenye joto, anazungusha kijiti mpaka kinapogoma mara ya kwanza, anapiga kelele "tayari!", pampu inaachiwa. Kumbe nati iligoma kwa punje ya mchanga. Mtake aisukume kwa nguvu ileile kila mara, presha ikiwa bado juu, kisha msubiri kidogo muisukume tena. Angalia pia rangi. Mkandarasi akipaka rangi nene mahali panapokaliwa na washa, rangi hiyo itaendelea kusagika baada ya nyie kuondoka, na ndiyo sababu mojawapo ya bolti kurudiwa baada ya muda uliowekwa kwenye mwongozo.

Halafu flanji zenyewe. Ingiza geji ya bapa, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, kati ya flanji kabla hamjavuta chochote. Kama zinaachana mahali, msizitumie bolti kuzilazimisha zikutane. Nguvu inayokunja flanji inatoka kwenye mvuto mliodhani ni wa kubana, na bolti za hapo ndizo zitakazochoka kwanza. Mwanya mkubwa kuliko unaoruhusiwa unajazwa kwa bati za kujazia kama mwongozo unavyoelekeza. Kazi hii inachosha na inachelewesha kreni, najua, na presha ya kreni inayolipiwa kwa saa ni kubwa kuliko ya pampu. Simama imara hapo, msimamizi. Wewe ndiye mwenye saini.

Na presha isomwe kwa jeki mliyo nayo mkononi. Nguvu ni presha mara eneo la pistoni. Jeki yenye eneo la sentimita za mraba 60 inahitaji karibu bar 1,077 kuvuta zile kilonyutoni 646. Jeki ya kampuni nyingine, yenye eneo jingine, kwa presha hiyohiyo itavuta kitu kingine kabisa. Nimeshaona jedwali la jeki moja limebandikwa ukutani na jeki tofauti ipo kazini.

*Asalaam aleikum Mama Fundi. Binti yangu amepata kazi ya kuvuta bolti kwa mafuta ya presha. Mimi ni mama tu, sijui mitambo, ila silali. Kazi hii ina hatari gani? — Mama, Tanga*

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza hongera kwa kumlea binti aliyefika huko. Sitakuficha hatari zilizopo, lakini zinajulikana na zinazuilika, na barua hii mpe aisome mwenyewe.

Bolti iliyovutwa kwa tani hamsini ikikatika, hutoka kwa mwelekeo wake ikiwa na jeki juu yake. Kwa hiyo hakuna kusimama wala kuinamia mbele ya mstari wa bolti wakati presha iko juu. Akae pembeni. Kabla ya kuvuta, ahakikishe hesi zilizochomoza juu ya nati zinatosha jeki kushika, angalau sawa na kipenyo cha bolti, milimita 36 kwa M36. Zikiwa pungufu, hesi zinaweza kuchunika. Pistoni ina mwisho wa safari yake, na jeki nyingi zina alama ya kuonyesha. Ikifikiwa, pampu inasimama hapohapo.

Lakini linaloniogopesha zaidi ni dogo kwa macho. Mpira wa mafuta ukiwa na tundu jembamba, mafuta kwa presha ile hupenya glavu na ngozi. Inabaki alama ndogo, na pengine haiumi mwanzoni, mtu anafuta mafuta anaendelea na kazi. Ndani, mafuta yanaharibu nyama, na saa chache zikipita bila upasuaji, kidole au mkono unaweza kupotea. Kwa hiyo asipapase kamwe mpira kutafuta mvujo. Presha ishushwe kwanza mpaka sifuri, kisha mpira ubadilishwe, usifungwe utepe.

Na mafuta yakimwingia, hata alama ikiwa ndogo kiasi gani, aende hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, aseme waziwazi "nimechomwa na mafuta ya presha", ataje aina ya mafuta na presha iliyokuwapo. Siku ya kwanza kazini amuulize msimamizi hospitali hiyo ni ipi na gari la kumpeleka ni lipi. Asipojibiwa, asiiguse pampu mpaka ajibiwe.