Mita inasoma naitreti, au inasoma chumvi?

SWALI: Assalaam alaykum, mtaalamu. Napima maji ya visima huku Bwejuu kwa elektrodi ya naitreti, ile kemikali ya nitrojeni itokayo kwenye vinyesi na mbolea. Visima vya karibu na bahari vinasoma juu kuliko vya ndani, hata pasipo na karo la choo jirani. Kitabu cha mita nacho kimejaa maneno: mteremko, elektrodi rejea, nguvu ya ioni, uingiliaji. Yana maana gani, na maji yale ni mabaya kweli?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Nianze na hilo la uingiliaji, yaani kitu kingine kusomeka kama naitreti, maana nadhani ndilo linalokuchezea.

Elektrodi haihesabu ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme ndani ya maji. Utando wake wa plastiki unapokea naitreti kwa urahisi kuliko ioni nyingine, na hapo inazuka tofauti ya umeme ambayo mita inaisoma kwa milivolti. Lakini "kwa urahisi kuliko" si "peke yake". Kloraidi, ioni iliyomo kwenye chumvi, nayo hupenya kidogo, na kiasi hicho huandikwa kwenye kitabu kama kipimo cha uteuzi. Tuseme chako ni 0.005, yaani ioni 200 za kloraidi husomeka kama ioni 1 ya naitreti, ambayo ni nzito zaidi. Kisima chenye miligramu 1,000 za kloraidi kwa lita kitakuonesha takriban miligramu 9 za naitreti ambazo hazipo. Huko kwenu mwamba ni wa matumbawe wenye nyufa, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta sana chumvi inapanda. Kwa hiyo sishangai visima vya pwani kukupa namba kubwa.

Jaribu hivi: pima kwanza kloraidi ya kisima, kisha yeyusha chumvi safi ya maabara kwenye maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi) mpaka ufikie kiwango kilekile, uipime kwa elektrodi yako. Ikitoka namba iliyo karibu na ya kisima, umempata mwizi. Ikitoka ndogo sana, basi naitreti ipo kweli, na karo si chanzo pekee. Mbolea na mazizi ya mifugo pia huchangia. Kuongeza maji kwenye sampuli hakusaidii, kwa kuwa kloraidi na naitreti zinapungua pamoja. Maabara hutumia salfeti ya fedha ili kloraidi igande na kuzama, ila ni ghali, na masalia yake usiyamwage ovyo.

Elektrodi rejea ni ile ya pili, ambayo volti yake inatakiwa itulie ili ya kwanza ipate cha kulinganishwa nacho. Angalia maji yake ya ndani: yakiwa na naitreti, yatavujia kwenye sampuli yako. Namba inayotambaa bila kutulia, mara nyingi ugonjwa uko hapa.

Mteremko ni mabadiliko ya milivolti pale naitreti inapoongezeka mara 10. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi kinadharia ni 59.2, na kwa naitreti milivolti zinashuka. Ukipata kati ya 54 na 60, endelea na kazi. Ukiwa chini ya 50, loweka elektrodi kwenye standadi hafifu ya naitreti, yaani maji yenye kiasi cha naitreti kinachojulikana. Isipobadilika, utando umechoka. Kosa la milivolti 1 tu ni kosa la asilimia 4 hivi, kwa hiyo usipime standadi iliyotoka kwenye friji pamoja na sampuli iliyokaa juani.

Nguvu ya ioni ni wingi wa chaji zote ndani ya maji. Zikisongamana, naitreti haitendi kwa ukamilifu wake, na elektrodi husoma utendaji huo. Ndiyo maana salfeti ya amonia hutiwa kwa kiasi kilekile kwenye standadi na sampuli.

Mwisho, tazama skrini inaandika nini: naitreti yenyewe au nitrojeni yake. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita za naitreti, sawa na takriban 11 za nitrojeni. Mita yako ikiandika 12 za nitrojeni, usiwaambie watu kisima kiko salama.